Nilisema "Fungua", Mjukuu Wangu Akafungua

Nina miaka sabini na mbili. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mnisamehe mwandiko na mpangilio. Ila kichwa changu hakijasahau jina la mtu hata mmoja... na kwa jambo hili natamani kingesahau, nikianza na jina langu mwenyewe.

Naitwa Nyachiro. Nakaa Kiriba, Musoma Vijijini, upande wa ziwani. Naanika dagaa, nalima muhogo, na kanisani ninakaaga benchi la pili kutoka mbele. Mtu akiniona pale hawezi kudhani nilichokifanya kwa mikono hii.

Nilizaa watoto saba. Wa mwisho ni Veronika, anapika kwenye hoteli moja karibu na stendi ya Bunda. Huko alikutana na kijana wa Butiama, Magesa, fundi wa pikipiki, wakapata mtoto wa kike. Walimpa jina la mama yangu mzazi, Nyanjura. Alipoachishwa ziwa, Veronika aliniletea nimlee, maana jikoni kwa watu huwezi kupika na mtoto mgongoni. Aliniambia, "Mama, nakuachia roho yangu." Nilicheka. Nikamwambia roho saba nimeshazilea, ya nane itanishinda?

Nyanjura alikuwa mtoto mzuri, mnene wa mashavu, hana kilio cha ovyo. Lakini alifika miaka mitatu hajasema neno! Kusikia alisikia. Ukitaja dagaa wa kukaanga, alikuja mbio hata akiwa nyuma ya nyumba. Akitaka kitu alikushika kanga akakuvuta mpaka kilipo, akakinyooshea kidole. Mimi nilimpa. Kazi ikaisha. Wala sikuona tatizo, mpaka watu waliponionesha.

Aliyeanza ni Perusi, jirani yangu wa kuanikia dagaa. Siku moja tukiwa watu wengi pale ufukweni alimwangalia mtoto, akasema, "Nyachiro, huyu mjukuu wako anasubiri mkalimani?"

Walicheka wote. Nyangeta alicheka, mama Bwire alicheka, hata Doroti mwenye chama cha kina mama kanisani alicheka akiwa amefunika mdomo. Na mimi nilicheka. Nilipofika nyumbani nilimtazama mtoto, nikaona aibu... aibu ya kumwonea mtoto wa miaka mitatu! Kuna bibi wa namna hiyo? Yupo. Ndiye anayewaandikia.

Veronika alipopata ruhusa kazini alikuja, tukampeleka mtoto hospitali mjini Musoma. Wakampima masikio, mazima. Wakatupeleka kwa dada mmoja anaitwa Tedy, umri sawa na Veronika wangu. Kazi yake ni kuwafundisha kusema watoto waliochelewa. Wenyewe wanaita tiba ya matamshi. Mimi nilimwita mwalimu wa maneno, na nilimwita hivyo kwa dharau.

Bi Tedy alimpaka mtoto sukari juu ya mdomo. Nyanjura akatoa ulimi, akaulamba wote mpaka karibu na pua. Bi Tedy akanigeukia mimi, siyo Veronika. Nadhani sura kama yangu alishaiona kwa wabibi wengine.

"Ulimi huu hauna shida, bibi. Hana udata. Msimkate."

Kwa asiyejua, udata ni ule uzi wa chini ya ulimi ukiwa mfupi. Huku kwetu mtoto akichelewa kusema wapo watu wanaukata kwa wembe. Bi Tedy alisema hayo, akaandika kwenye karatasi yake, halafu akayarudia, "Msimkate." Alisema mara mbili. Nilisikia mara zote mbili.

Akatufundisha. Akasema nisimwambie mtoto "sema, sema", maana akiambiwa hivyo anaona mdomo wake ni kesi. Nikae chini sakafuni, macho yangu na macho yake yawe sawa. Kitu anachokipenda nikishike karibu na mdomo wangu, nitaje neno moja tu, siyo hotuba. Halafu ninyamaze. Nikunje vidole kimoja kimoja mapajani mpaka kumi, nikimsubiri. Akitoa sauti yoyote, hata mguno, hata akinitazama tu, nimpe hapo hapo, nikimrudishia lile neno likiwa zima. Na kama nyumbani tunaongea Kijita, niongee naye Kijita, asilazimishwe Kiswahili cha shule.

Halafu akatoa kopo la plastiki, lile la kuona mpaka ndani, mfuniko wake mgumu. Akauliza mtoto anapenda nini. Veronika akasema dagaa wa kukaanga. Bi Tedy akacheka, akasema, "Basi dagaa ndio waingie humu. Atawaona, atashindwa kufungua, atakuletea wewe. Neno lenu la kwanza litakuwa fungua."

Nilimuuliza kama na yeye amezaa. Akasema bado. Nikamtazama Veronika kwa jicho la kusema, unaona?

Lakini nilifanya. Kwa sababu Veronika alinisihi nilifanya, magoti yakilia kila nikikaa sakafuni. Nyanjura alileta kopo, mimi nikasema "fungua", nikakunja vidole. Kimya. Nikafungua. Kesho hivyo hivyo. Siku nyingi zilipita hivyo, nikajiona mzee niliyerukwa na akili, nakaa chini nahesabu vidole mbele ya dagaa.

Siku moja nimefika kidole cha nane, mtoto akaniangalia mdomo, akasema, "Fu."

Wasomaji wenzangu, nililia! Nilimfungulia, nikamwambia "fungua, ndiyo, fungua", akala dagaa mmoja, akanirudishia kopo. "Fu." Tulikula kopo zima hivyo, dagaa mmoja mmoja. Baada ya muda ikawa "fua". Kila kitu kikawa fua. Mlango fua, ndizi fua, sufuria fua, vifungo vya gauni langu fua. Neno moja hilo, na mtoto alikuwa anatembea nalo kama mtu aliyepewa ufunguo wa nyumba.

Kwa nini sikuridhika? Najiuliza mpaka leo. Niliwaambia kina Perusi kwamba Nyanjura sasa anasema. Perusi akamwita, akamwambia amsalimie. Mtoto akamwonesha kapu lake, akasema, "Fua." Perusi akasema, "Kumbe umemletea mkalimani, naye kajua neno moja." Wakacheka tena... Mimi safari hii sikucheka.

Ndipo ikaja simu ya Magesa. Wazazi wake, mzee Wambura na mama Nyamburi, wangefika Kiriba Jumapili ya tatu kutoka siku ile. Waje watuone ukweni, waweke mambo ya vijana sawa, ndoa ifungwe. Nilipiga vigelegele. Halafu Magesa akasema, "Na mama anataka kumsikia mtoto kwa masikio yake mwenyewe."

Nilirudia maneno hayo kwa Perusi. Perusi akaacha kugeuza dagaa. "Wanakuja kumkagua huyo. Wakimkuta bubu, watamwacha Vero na bubu wake. Watu wa kule hawana mchezo."

Mimi nilimwamini. Kwenye simu Magesa hakusema bubu, hakusema kukagua. Lakini sikumuuliza. Nilijiapia kwamba mama Nyamburi akiingia kwangu, mtoto atasema "Shikamoo bibi", na dunia itajua Nyachiro amelea.

Nilimpigia Veronika. Akaniambia kwa upole, "Mama, usimlazimishe. Wakimkuta na fua yake inatosha." Nikajibu, "Sawa mwanangu." Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza.

Asubuhi yake nilijaza kopo dagaa, nikalikaza mfuniko kwa nguvu zangu zote. Nyanjura akaleta. "Fua." Nikamwambia, "Sema shikamoo." Akacheka, akadhani ni mchezo mpya. "Fua." Nikarudia. Bi Tedy alisema vidole kumi. Mimi nilisubiri kuanzia asubuhi mpaka jua la saa saba, na uji sikumpa, na dagaa sikumpa. Alilia akiwa amelikumbatia kopo. Aliligonga sakafuni. Alilileta tena, akaniwekea mkono wangu juu ya mfuniko, "fua, fua, fua"... Nikasema, "Shikamoo." Yale niliyofundishwa kumpa mtoto neno niliyageuza nikamnyimia chakula. Jioni nilimpa ugali kwa hasira, bila neno lolote.

Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu hakulileta kopo. Nilikuja kulikuta uvunguni mwa kitanda, amelisukuma mpaka ukutani. Nikamwonesha ndizi, kimya. Nikasimama mlangoni, kimya. Lile neno lake moja lilikuwa limekwenda!

Hapo mtu mwenye akili angejua amekosea. Mimi nilisema ni ulimi. Nilisema yule binti wa hospitali hajazaa, anajua nini? Perusi akanitajia bibi Nyabweke wa Bugwema. Akasema ana mkono mwepesi, watoto wanatoka kwake wanapayuka kama kasuku. Zilikuwa zimebaki siku kumi wageni wafike. Nikaona kidonda kitapona, na shikamoo itapatikana.

Veronika alipiga simu asubuhi ya siku ile. Nikamwambia tunakwenda shamba. Huo ni uongo wa pili. Nikapanda bodaboda ya Masatu, mtoto katikati, na lile kopo kwenye kapu. Njiani Nyanjura alifurahi. Alikuwa hajawahi kupanda pikipiki, aliegemea tumbo langu, nywele zake zikinitekenya kidevu. Nawaandikia hilo kwa sababu ndiyo mara ya mwisho kuniegemea.

Tulimkuta Nyabweke uani kwake anapepeta mahindi. Alinawa mikono, hilo sitamnyima. Akatoa wembe kwenye karatasi, akaweka majivu kwenye kisahani. Akaniambia nimpakate mtoto. Nyanjura aliuona wembe, akafunga mdomo, midomo ikamezwa ndani kabisa. Nyabweke akasema tumbane pua, akikosa pumzi atafungua mwenyewe.

Nikasema, "Subiri. Mimi nina neno lake."

Nilimweka mtoto chini. Nikapiga magoti mbele yake, macho yangu na macho yake yakawa sawa. Nikatoa kopo kwenye kapu, nikalishika karibu na mdomo wangu kama nilivyofundishwa. Nikasema kwa sauti laini kabisa, "Fungua." Nikanyamaza. Nikakunja vidole.

Kimoja. Viwili. Vitatu. Alilitazama kopo. Vinne. Vitano. Alinitazama mimi. Nyabweke alikuwa amesogea ubavuni, wembe kwenye kiganja. Sita. Nikamwona mtoto anatabasamu... alidhani bibi yake amerudi. Yule wa dagaa mmoja mmoja, wa kabla ya shikamoo. Saba.

"Fu... a."

Kwenye ile "a" ndipo mdomo ulipofunguka, na dole gumba la Nyabweke likaingia.

Mimi nilishika kichwa.

Sitawaeleza kilio. Nitawaeleza damu, kwa sababu wapo wanaosema ni kitu kidogo. Ilijaa mdomoni, ikashuka kifuani, ikalowesha kanga yangu mpaka mapajani. Nyabweke akaweka majivu, yakatoka na damu. Akaweka tena. Halafu akasema nimpeleke mtoto kwetu, atapoa njiani. Masatu, kijana wa pikipiki, ndiye aliyenifokea. "Bibi, panda! Huyu anakufa." Alitukimbiza zahanati, zahanati wakatuweka kwenye gari la wagonjwa mpaka Musoma. Alishonwa. Aliongezewa damu. Hakufa, namshukuru Mungu, na sijui kama Mungu anataka shukrani yangu.

Veronika alifika kutoka Bunda akiwa bado na aproni ya jikoni. Nikamwambia mtoto ameanguka na kikombe mdomoni. Uongo wa tatu. Daktari alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema taratibu, "Mama, hii ni wembe."

Mwanangu hakunipiga, hakunitukana. Alichukua kapu langu, akatoa lile kopo. Dagaa walikuwa ndani bado, mfuniko umekazwa, una alama ya vidole vya damu.

"Mama, Nyanjura hafunguagi mdomo kwa mtu asiyemjua. Alifunguaje?"

Nikamweleza. Nilimweleza ukweli wote, na afadhali ningekaa kimya. Veronika alikaa sakafuni pale pale, akatoa mlio ambao sijausikia tangu siku nilipomzaa.

Bi Tedy aliitwa. Nilijua atanikumbusha alichosema mara mbili. Hakunikumbusha. Alikaa chini kando ya kitanda, macho sawa na macho ya mtoto. Nyanjura akageukia ukutani. Bi Tedy akakaa hivyo hivyo muda mrefu, kisha akamwambia Veronika, "Tulikuwa tumepata neno. Sasa tunaanza nyuma ya mwanzo." Mimi hakunitazama kabisa, kana kwamba ni kiti.

Ile Jumapili ya wageni ilifika. Niliwakaribisha peke yangu, nimepika wali na sato, kana kwamba mtoto bado yupo nyumbani. Kumbe Magesa alishawaeleza yote. Mzee Wambura alikaa nje, hakutaka kuingia. Mama Nyamburi aliingia, hakugusa chakula. Mimi nilianza kujitetea. Nikasema nilifanya kwa ajili yake, si alitaka kumsikia mtoto?

Akaniangalia kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka.

"Magesa wangu alianza kusema akiwa na miaka mitano, mama. Nilitaka kumsikia mtoto nijue kama kachukua kwa baba yake. Ningemsikia hata analia."

Akaendelea, "Mimi nilituma maneno. Wewe uliyapokea na wembe."

Akatoka. Wali ulipoa, nikawapa kuku. Perusi alikuja jioni kuuliza wageni walisemaje, na alipojua yote alishika kichwa, akasema, "Nyachiro, kweli una roho ngumu. Mimi si nilikuwa natania?" Kanisani wakaanza kuacha nafasi pembeni yangu, benchi la pili kutoka mbele. Doroti alikuwa wa kwanza kuhama.

Nyanjura alihamia Butiama kwa babu na bibi yake wa kule. Ndoa ilifungwa. Nilipata habari kwa Masatu, aliyepeleka watu. Veronika simu zangu alipokea, akajibu, "Ndiyo mama", "Hapana mama", basi.

Nikasikia mama Nyamburi anakaa sakafuni na mtoto kila siku. Nikasikia kila wakiitwa kliniki Musoma wanakwenda. Nikasikia mtoto ameanza kusema. Mwaka mzima niliishi kwa kusikia. Mwishowe Veronika aliniambia, "Njoo umwone mama, lakini usimwambie chochote."

Nilikaanga dagaa. Nikajaza kopo jipya, lile la zamani sijui Veronika alilitupa wapi. Nilipofika Butiama, kabla sijapiga hodi, nilisikia sauti nyuma ya ua wa minyaa. Sauti ndogo, ya mkwaruzo kidogo. Ilikuwa inagombeza mbuzi! "Toka huko. Utakula nguo ya mama. Nitakusemea kwa babu." Neno moja, la pili, la tatu... Nilisimama pale nyuma ya ua kama mwizi, nikamsikiliza mjukuu wangu akiongea kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Kovu limemvuta ulimi kidogo, herufi ya "r" haiji. Lakini alikuwa anasema!

Nikapiga hodi. Aliponiona, alikimbilia ndani, akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Mama Nyamburi akanikaribisha kwa adabu, akaniwekea kiti. Sikukaa kwenye kiti. Nilikaa sakafuni, nikaweka kopo mbele yangu. Neno lenyewe sikulitaja, ningelitaja kwa mdomo upi? Nilikunja vidole tu. Nikafika kumi. Nyanjura ameziba mdomo. Nikarudia kumi, nikarudia tena. Veronika alikuwa amesimama kwenye kona, machozi yanamtoka, hakunisaidia. Mtoto akasogea taratibu mpaka mgongoni kwa mama Nyamburi, akajificha kwenye kanga yake.

Niliinuka. Kopo nikaliacha pale chini. Nilikuwa nje natafuta ndala zangu kwa miguu, ndipo nikasikia ile sauti ndogo.

"Bibi, funga."

Nikageuka haraka. Lakini bibi aliyeitwa siyo mimi. Mama Nyamburi alimuuliza, "Nifunge nini mama?"

"Mlango."

Yule mama alinitazama, akashindwa kuinuka. Basi nikaufunga mwenyewe, kwa nje.

Wasomaji wenzangu, sina la kujitetea, na huruma yenu siitaki. Nawaomba wabibi wenzangu, na kina mama wenye watoto wanaochelewa kusema: msiogope kucheka kwa majirani kuliko mnavyoogopa wembe. Wapelekeni wapimwe masikio, wafundishwe na wanaojua, hata kama anayejua ni binti mdogo ambaye hajazaa. Kaeni chini sakafuni. Taja neno moja, nyamaza, kunja vidole. Mtoto akikuletea kopo akasema "fu" tu, usimwambie hiyo haitoshi... inatosha! Mfungulie. Mimi sikumfungulia.